Kushika siyo kuzuia: maswali yenu kuhusu chanjo, mafua ya zamani na ndugu zake corona

Wasomaji wangu, habari za tangu mwezi uliopita. Toleo lile niligusia kidogo tu, aya moja, kwamba kuna watu damu yao inaonesha kingamwili za corona wakati corona yenyewe hawajawahi kuipata wala kuchanjwa. Kingamwili, kwa asiyejua, ni zile protini ambazo mwili unazitengeneza ili zimshike mdudu aliyeingia. Basi aya ile moja imeleta meseji nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwenye ukurasa huu, wengine mmeuliza kwa upole wengine kwa hasira, na hasira naielewa manake tumepitia mengi na tuliambiwa mengi yanayopingana. Nimechukua maswali sita. Mi ni mtu wa maabara siyo daktari wa wodini, kwa hiyo mtanivumilia nikiongea sana habari za damu na visahani.

Shikamoo. Mi niko Tanga. Mjomba wangu ametuma kwenye grupu la familia kwamba damu za Watanzania zilizowekwa friza kabla ya 2019 zilipopimwa zikakutwa na kingamwili za corona. Anasema huo ndo ushahidi ugonjwa ulikuwepo huku zamani wakatuficha. Mi sina la kumjibu, na ni mkubwa wangu siwezi kubishana naye mikono mitupu. Ni kweli? (Mama wa wawili, Tanga)

Marahaba mwanangu, na mjomba umsalimie sana. Umwambie kwanza kwamba hilo la damu hajalitunga. Damu hizo zipo, za Tanzania na za Zambia, zilikuwa zimekusanywa kabla corona haijajulikana, na watafiti walipozipima wakalinganisha na damu za Marekani za kipindi hicho, za huku ndo zilizoitikia kipimo zaidi, tena kwa mbali. Mjomba alipoteleza ni pale aliporuka kutoka "damu imeitikia kipimo" mpaka "mwenye damu aliugua corona". Katikati hapo kuna safari ndefu.

Corona siyo kirusi kimoja, ni ukoo. Wanaoingia kwa binadamu tunawajua saba. Wanne ni wa mafua ya kawaida kabisa, majina yao yamekaa kama namba za gari, 229E, NL63, OC43 na HKU1, we mwenyewe umeshawapata tangu uko chekechea na utawapata tena mvua zikianza. Watatu ndo wakali: SARS iliyoanzia Guangdong, China, mwishoni mwa 2002 ikaua watu 774 kati ya 8,096 waliougua, halafu MERS ya 2012, halafu huyu wa 2019 ambaye jina lake rasmi ni SARS-CoV-2.

Sasa ile miiba iliyopo juu ya kirusi, kila mwiba uchukulie ni mkono. Kiganja ndo kinachoshika kitasa cha mlango wa seli zetu, na viganja vya ndugu hawa vinatofautiana sana. Lakini kuanzia kiwiko kushuka chini wanafanana, kwa sababu kazi ya huko ni moja kwa wote, kukisukuma kirusi kiingie ndani, na sehemu yenye kazi hiyo haibadiliki ovyo. Kwa hiyo kingamwili ulizozipata kwenye mafua ya 2015 zikikutana na SARS-CoV-2 hazikijui kiganja chake kabisa, ila kiwiko zinakifahamu, zinakishika. Zikishika, kipimo kinaandika mstari. Kipimo hakiulizi umeshika wapi. Na mkono ulioshikwa kiwiko bado kiganja chake kinafungua mlango kama kawaida, hapo ndo penye siri yote ya ukurasa huu wa leo.

Ukiacha miiba kuna protini ya ndani inayofungasha vinasaba, inaitwa N, hii nayo ndugu wengi wamerithishana, na zile damu za Tanzania na Zambia nyingi ziliitikia hiyo N kuliko mwiba. Halafu kuna malaria jamani, malaria inachokoza mwili utengeneze kingamwili za kila aina zinazoshika hovyo hovyo, na huko Benin na Nigeria watafiti walikuta damu za watu wenye malaria, za kabla ya corona, zinatoa majibu ya uongo kwa wingi kwenye baadhi ya vipimo. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa na kujaribiwa kwa damu za Ulaya tu ukikileta Muheza usishangae kikichanganyikiwa.

Mi jambo hili nililiona kwa macho yangu. Mwaka 2020 tuliletewa boksi la vipimo vya kuchoma kidole, vile vya plastiki vyeupe, na kabla ya kuvitumia kwa watu nikaomba tuvijaribu kwa seramu za zamani, yaani yale maji ya damu yanayobaki ukitoa chembe zake, zilizokuwa zimeganda tangu miaka ya nyuma. Nikaziyeyusha, nikadondosha tone, nikaweka na dawa yake, nikasubiri dakika kumi na tano. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya, ya nne kikatokea kamstari, hafifu kama penseli iliyofutwa na raba. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga nikakiinamisha, kapo. Mwenye damu ile aliitoa 2016. Nilikaa pale nikawaza, kumbe kesho atakuja dereva wa lori anataka cheti cha kuvukia mpaka, nitamwonea kamstari kama haka nimwambie ameshaugua, aende zake akijiona ana kinga. Niliogopa kweli.

Wenzetu wa Kilifi pale KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walilifanyia kazi jambo hili vizuri na mi nawaheshimu kwa hilo. Kabla hawajapima damu za wachangia damu wa Kenya walichukua kwanza damu 910 za watu wa Kilifi za kabla ya corona, wakazipima kwa kipimo chao wenyewe cha mwiba. 901 zikanyamaza, 9 zikaitikia, yaani moja kwa kila mia. Utasema moja kwa mia ni kitu gani. Ni kitu kikubwa, manake walipopima wachangia damu 3,098 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 walikuta walioitikia ni 174, sawa na 5.6 kwa mia, na walipokuja kurekebisha kwa umri, jinsia, maeneo na makosa ya kipimo chenyewe wakabaki na 4.3. Wangekuwa hawajui ile moja kwa mia wangeitangazia Kenya namba kubwa kuliko ukweli. Na hata hiyo 4.3 ilikuwa juu mno ukilinganisha na wagonjwa waliokuwa wanatangazwa kwenye taarifa ya habari jioni, kwa hiyo kipimo kikitunzwa vizuri kinasema kitu cha maana.

Sasa unatofautishaje aliyeshika na aliyezuia? Kuna kipimo kingine, kirefu na cha gharama, unachanganya seramu na kirusi chenyewe kikiwa hai, unamwaga kwenye kisahani chenye seli zilizotandaza chini kama mkeka, unaacha siku kadhaa. Ukirudi ukakuta mkeka mzima, kingamwili zile zilizuia. Ukikuta umetoboka mashimo mashimo, zilikuwa zinashika tu. Kazi hiyo inataka maabara ya usalama mkubwa ndo maana huwezi kuikuta kwenye kituo cha afya cha kawaida.

Na la mwisho la kumpa mjomba: vinasaba vya SARS-CoV-2 vimesomwa mamilioni kutoka dunia nzima, ukivifuata nyuma vyote vinakutana kwenye chanzo cha mwishoni mwa 2019. Kingekuwa kinazunguka Tanga tangu 2016 kingekuwa na matawi yake ya zamani huku, na hayapo.

Asalaam aleikum. Wanangu pacha wako chekechea, makamasi hayakauki, mafua haya yakiisha yanakuja mengine. Jirani anasema hiyo ndo kinga yenyewe ya corona, ndo maana watoto haikuwaumiza sana, nisihangaike nao. (Mama Pacha, Mombasa)

Waaleikum salaam mamangu. Jirani yako kuna kitu kakishika, na hata wanasayansi wakubwa walikishika hivyo hivyo mwaka 2020. Pale Taasisi ya Francis Crick, London, walipima damu za watoto 48 ambao corona ilikuwa haijawagusa, 21 zikawa na kingamwili zinazoshika mwiba wa SARS-CoV-2, kwenye kile kiwiko chake, wakati watu wazima ilikuwa kama watano tu kwa mia. Na kwenye kisahani baadhi ya damu zile zilionesha hata kuzuia. Watu wakafurahi, wakasema hii ndo sababu watoto wanaponea chupuchupu, kwa kuwa wao mafua ni ya kila wiki.

Lakini watafiti wa Philadelphia wakafanya kitu ambacho kwangu ndo cha maana zaidi, walichukua damu za watu zilizotolewa kabla ya corona kufika, wakasubiri wajue nani baadaye aliugua na nani hakuugua, wakalinganisha. Kingamwili za mafua zilizokuwepo mwanzoni hazikutofautisha. Aliyekuwa nazo aliugua kama asiyekuwa nazo. Tena waliougua corona, kingamwili zao za kile kirusi cha mafua OC43 zikapanda juu, mwili ulikumbuka adui wa zamani ukaanza kumpiga yeye, na kipigo hicho hakikuwasaidia kitu kwa huyu mpya.

Na hata mafua yenyewe hayakukingi na mafua mama, si unaona mwenyewe. Kuna wanaume kumi wa Amsterdam walikuwa wanatoa damu kila baada ya miezi michache kwa miaka mingi mno, damu zile zilipokuja kupimwa ikaonekana kirusi kile kile cha mafua kinamrudia mtu yule yule, mara nyingi kama baada ya mwaka. Sasa kama OC43 ya mwaka jana haikukingi na OC43 ya mwaka huu itakukingaje na binamu yake?

Kwa nini basi watoto corona haikuwaumiza sana? Sababu zipo kadhaa ila moja inayopewa uzito ni kwamba pua ya mtoto iko macho zaidi, ile kinga ya mwanzo kabisa isiyosubiri kingamwili inawaka haraka kuliko kwa mtu mzima. Kwa hiyo wanao wahangaikie dada. Siyo kwa antibaiotiki, hizo kwa mafua ya kirusi hazina kazi, wape vimiminika, safisha pua, na ukiona anapumua mbio mbio, mbavu zinaingia ndani au amekataa kunyonya au kula, usingoje kesho.

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Pemba, nafanya kazi ya kutunza ngamia wa mbio huku nje ya Muscat. Nimechanja corona dozi tatu. Mwenzangu anasema sasa hata ile corona ya ngamia haitupati. Maziwa yao tunakunywa mabichi. Amesema kweli? (Mtunza ngamia, Oman)

Waalaykum salaam ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili na nakuomba nawe jibu ulisome mara mbili umsomee na mwenzako. Hapana. Chanjo ya corona haikukingi na MERS.

SARS-CoV-2 na MERS ni ukoo mmoja ila nyumba tofauti. Ukilinganisha vinasaba vyote SARS-CoV-2 anafanana na SARS ya 2002 karibu 79 kwa mia, na MERS ni kama nusu tu. Vitasa vyao pia siyo kimoja, SARS-CoV-2 anashika kitasa kinachoitwa ACE2 na MERS anashika kingine kabisa, DPP4. Kingamwili nzuri ulizopata kwenye zile dozi tatu, zile zinazoziba kiganja, zimeumbwa kwa kiganja cha ACE2, kwa MERS hazioni kitu. Zinazobaki ni chache za kiwiko, zinashikashika kidogo. Maabara inaweza kuziona na ikaandika ripoti, ila siyo ngao ya kwendea nayo zizini.

Na huyo mdudu huko uliko yupo. Mwaka 2013 watafiti walipima damu za ngamia 50 wa Oman, wale wa mbio waliostaafu kama hao unaowatunza, wote 50 walikuwa na kingamwili za MERS. Wote. Sasa swali la kwanza alilojiuliza kila mtu wa maabara ni lile lile la mjomba wa Tanga, je ni MERS kweli au ni ndugu yake mwingine, manake ngamia naye anapata corona inayofanana na ya ng'ombe, ndo wakaenda mpaka kwenye kipimo cha kisahani, na damu zile zikamzuia MERS mwenyewe. Kumbe jambo lilikuwa la zamani kuliko ugonjwa wenyewe kujulikana: damu za ngamia wa Somalia na Sudan zilizokaa kwenye friza tangu 1983 nazo zikakutwa nazo, na za Kenya tangu 1992. Unaona hapa tofauti na habari ya Tanga, damu ya zamani inaweza kweli kusema mdudu alikuwepo, ila mpaka ipite kipimo cha kuzuia. Huko Garissa na Tana River, Kenya, walipima watu 1,122, waliopita kipimo hicho walikuwa wawili tu.

Kwa watu, MERS imethibitishwa kwa kama 2,600 tangu 2012, wengi Saudia, na zaidi ya theluthi walifariki. Chanjo yake kwa binadamu iliyoidhinishwa haipo. Kwa hiyo maziwa chemsheni, najua utamu wa mabichi lakini chemsheni. Ukitoka kumshika ngamia pua au mdomo nawa kwa sabuni, anayetoka makamasi mkaribie na barakoa, na kama kati yenu yupo mwenye kisukari, figo au mapafu mabovu huyo mumpe kazi nyingine mbali na zizi. Siku ukishikwa homa na kikohozi neno la kwanza kumwambia daktari liwe "nafanya kazi na ngamia", usingoje akuulize.

Kaka, nimesikia chanjo ya corona inaweza kukufanya upimwe uonekane una Ukimwi wakati huna. Ndo maana sikuchanja mpaka leo. (Kijana wa Mwanza)

Hiyo habari ina mzizi wa kweli na nafurahi umeuliza badala ya kubaki nayo moyoni. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikuwa wanatengeneza chanjo na kampuni ya CSL, wakahitaji kitu cha kubana ule mwiba usifunguke, wakatumia kipande kidogo cha protini ya VVU kama kibanio. Kipande hicho hakiwezi kumwambukiza mtu, ni protini tu. Ila miili ya waliojitolea ikatengeneza kingamwili za kile kibanio, na baadhi ya vipimo vya VVU vikaitikia. Walifuatilia wakahakikisha hakuna aliyekuwa nacho kirusi, na Desemba 2020 wakaisimamisha chanjo ile kabla haijafika kwa watu wa kawaida, japo ilikuwa inaonesha kinga nzuri. Wenyewe waliona bora waiache kuliko kuharibu imani ya watu kwenye kipimo cha VVU, na mi nasema walifanya uungwana.

Chanjo tulizoletewa Tanzania, ile ya Johnson & Johnson iliyozinduliwa Julai 2021 na zilizofuata kama Sinopharm, hazina kibanio hicho. Na hata bila chanjo yoyote, kipimo kimoja cha VVU kinaweza kushika kisichohusika, ndo maana huku kwetu hakuna anayepewa majibu kwa kipimo kimoja, cha kwanza kikiitikia unapimwa kwa kingine cha aina tofauti. Kwa hiyo kapime bila hofu, na vipimo vyote vikikubali usitafute chanjo ya kulaumu, anza dawa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Wanafunzi wangu wameniuliza kitu nikakosa jibu: kama virusi hivi ni ndugu, kwa nini wasitengeneze chanjo moja ya ukoo mzima wakamaliza? Na je kingamwili ya ndugu inaweza kudhuru? (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, wape hao wanafunzi heko. Waanzishie Singapore. Pale walikuwepo watu nane waliougua SARS ile ya 2003 wakapona, miaka kumi na minane baadaye wakachanjwa chanjo ya Pfizer ya corona kama wengine. Damu zao zilipopimwa zikafanya kitu ambacho damu ya mtu aliyechanjwa tu haikufanya wala ya aliyeugua corona kisha akachanjwa: zilizuia virusi kumi vya nyumba ile ya SARS, vikiwemo vya popo na kakakuona ambavyo havijawahi kuingia kwa mtu. Kuzuia, mwalimu, siyo kushika. Mwili uliomjua ndugu wa kwanza ukaja kuoneshwa ndugu wa pili ambaye siyo wa mbali sana wala siyo pacha wake, miiba yao inafanana kama 76 kwa mia, ukachagua kukazania zile sehemu chache wanazofanana hata juu kule kwenye kiganja. Ndo matumaini yote ya chanjo ya ukoo yalipo, na sasa kuna wanaobandika vipande vya viganja vya virusi kadhaa tofauti kwenye chembe moja ndogo ili mwili ulazimike kutafuta wanachofanana.

Halafu kuna kingamwili moja, S309, iliyotolewa kwenye seli za kumbukumbu za mtu aliyeugua SARS 2003, damu yake ilichukuliwa 2013, na 2020 ikakutwa inamzuia SARS-CoV-2. Wakaitengeneza dawa inayoitwa sotrovimabu, Marekani wakairuhusu kwa dharura Mei 2021. Fikiria mtu anaugua, anapona, miaka kumi inapita anatoa damu, na kinga yake inakuja kutibu wagonjwa wa ugonjwa ambao siku ile anatoa damu haupo duniani. Mi kila nikikumbuka hili nafurahi kuwa kwenye kazi hii. Lakini ile corona iliyobadilika, Omikroni ya BA.2, ilipokuja ikabadilika kidogo tu, dawa ikapoteza makali, na Aprili 2022 Marekani wakasimamisha kuitumia. Hilo ndo jibu la "kwa nini wasimalize": sehemu zinazozuia vizuri ndizo zinazobadilika haraka, na zisizobadilika, kiwiko, ukizishika huzuii sana. Tena mwili una tabia ya kurudia ulichokizoea, ukiupa busta mpya, yaani dozi ya nyongeza, sehemu kubwa ya kingamwili zinazopanda ni zile za kirusi ulichokutana nacho kwanza. Mtafiti wa Marekani, Thomas Francis, aliliona hili kwenye mafua ya influenza akaliandika 1960.

Kudhuru, ndiyo inawezekana, ila siyo kwa kila ukoo. Dengue ndo mfano wa kuwapa, na wanafunzi wa pwani wataielewa kwani ilishapiga Dar 2014 na 2019. Dengue wako wanne, ukiugua wa kwanza ukapona, kingamwili zake zinaweza kumshika wa pili bila kumzuia, na kile kirusi kilichoshikwa nusunusu kinabebwa kwa hizo kingamwili mpaka ndani ya seli ambazo peke yake kingepata shida kuingia. Ndo maana dengue ikiua, mara nyingi huwa ni ya pili. Ufilipino walikuwa wameshachanja watoto mamia kwa maelfu kwa chanjo ya Dengvaxia, mwishoni mwa 2017 ikabidi wasimamishe kwa sababu ilionekana kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue chanjo inafanya kazi kama maambukizi ya kwanza. Watu wa corona walikuwa wanaijua habari hii, walianza kuitafuta mapema sana kwenye majaribio ya chanjo, na kwa chanjo zilizopitishwa haikuonekana watu kuugua vibaya zaidi kwa sababu ya kuchanjwa.

Nina miaka 58, niko Bujumbura. Nina kovu la chanjo begani tangu utotoni. Mpox, ile homa ya nyani, imefika huku, watoto wangu wananiambia baba wewe unalo kovu huna wasiwasi. Ni hivyo? (Mzee wa Buyenzi)

Shikamoo mzee wangu. Ukiacha wale wa Singapore na ile dawa ya S309, hapa ndo naweza kusema udugu unasaidia kweli. Ndui na mpox siyo kama mafua na corona, hao ni ndugu wa karibu sana, protini zao nyingi karibu zinalingana, kwa hiyo kingamwili ya mmoja kwa mwingine siyo inashika tu, inazuia. Ndo maana Jenner, yule daktari wa Uingereza, mwaka 1796 aliweza kumkinga mtoto na ndui kwa kutumia usaha wa ndui ya ng'ombe. Na takwimu za Zaire, Kongo ya leo, miaka ya 1980 zilionesha waliokuwa wamechanjwa ndui walikuwa wamekingwa na mpox kama 85 kwa mia.

Ila mzee, kovu gani? Begani wengi wetu tuna la BCG, ya kifua kikuu, hiyo kwa mpox haina kazi. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa mtaani, siyo maabara, alipatikana Merca, Somalia, 1977, na baada ya hapo chanjo ya ndui ikaachwa, kwa hiyo kwa umri wako unaweza kuwa nazo zote mbili. La ndui huwa ni pana, limebonyea, pembeni yake kuna mistari mistari kama jua alilochora mtoto, na la BCG ni dogo zaidi. Mwonyeshe nesi wa karibu. Na hata likiwa la ndui limeshafikisha nusu karne, kinga ya 85 ile ilipimwa kwa watu waliokuwa wamechanjwa karibuni zaidi kuliko wewe, kwa hiyo ukimuuguza mtu mwenye vipele vya mpox vaa glavu, shuka zake fua peke yake, na wakikuita kwenye chanjo nenda, useme kwamba ulishachanjwa utotoni. Watoto wako waliozaliwa baada ya 1980 wao hawana kovu hilo kabisa, waende kabla yako.